Kalisa Aliyehesabu Ng'ombe wa Watu

Siku ya kwanza nilipofika kwa Kalisa, niliona miguu yake tu. Mlango ulikuwa wazi, na miguu ilikuwa imenyooka juu ya mkeka, nyayo zikitazama nje, kama za marehemu ambaye watu wamechelewa kumfunika. Mke wake, Mukeshimana, alikuwa ameniletea mapanga mawili na jembe niyanoe. Kazi yangu ni hiyo. Nina baiskeli niliyoifunga jiwe la kunolea. Nikikanyaga pedali, jiwe linazunguka. Natembea nayo kambi yote ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda, leo Rubondo, kesho kutwa Juru, na nguvu zikiwapo nafika mpaka mjini Mbarara kwa wenye bucha.

"Baba ni mgonjwa?" nikamuuliza.

"Si mgonjwa," Mukeshimana akasema. "Halafu si muzima."

"Anakula?"

"Akilishwa."

"Anaongea?"

"Ukimuuliza mara tatu. Ya kwanza hasikii, ya pili anasikia, ya tatu anajibu. Na jibu lenyewe, muzee, unajuta kwa nini uliuliza."

Alisema hivyo akicheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka kulia. Kisha akachukua jembe lake na kwenda shambani. Miguu ya mlangoni haikusogea.

Kalisa alizaliwa milima ya juu ya Itombwe, kule Kivu ya Kusini, kwa watu ambao mtoto akishajua kusimama anafundishwa kutembea nyuma ya ndama. Alikuwa na ng'ombe. Sikumuuliza ni wangapi, maana mtu wa ng'ombe haulizwi hivyo, na yeye mwenyewe hawataji kwa hesabu, kwani kwao ng'ombe akihesabiwa anapatwa na kisirani. Anawajua kwa sura na kwa majina, kama wewe unavyowajua wanao mezani. Vita vilipopanda mpaka kwao, wenye bunduki walikuja asubuhi moja wakalifukuza kundi lote likateremka bondeni. Kalisa alijificha kwenye mianzi. Baadaye aliniambia kwamba risasi hazikumvunja moyo. Kilichomvunja ni sauti ya ng'ombe. Walilia njia nzima, kwa sababu waliowachukua hawakujua kuwaita, walijua kuwapiga tu.

Hapo alikuwa amepita miaka hamsini. Akavuka mipaka na mke wake, wakafika Nakivale, wakapewa kiwanja cha kujenga na kipande cha kulima. Sasa, kumpa mchunga ng'ombe jembe ni kama kumpa muogeleaji ngazi. Alilima msimu wa kwanza, akalima wa pili. Msimu wa tatu alikaa chini katikati ya mahindi, na mke wake akamkuta jioni palepale. Toka siku hiyo akaanza kulala mchana. Wazee wa kanisa walikuja wakamwekea mikono. Alisema amina kwa adabu, akawasindikiza mpaka njiani, akarudi kwenye mkeka. Watu wa kambi wana jina la hali hiyo, wanaiita kufikiri mingi. Ni wengi walio nayo, na hakuna anayeshangaa. Ukimwona mtu amelala saa nne asubuhi, unapita polepole.

Ndipo wakaja wale wa simu.

Ilikuwa kampuni moja ya Mbarara, vijana tupu, wakiongozwa na binti mmoja wa mjini anaitwa Sumayah, mwenye hijabu ya kijani na macho ya mtu asiyelala vizuri. Walikuwa wanatafuta watu wa kufikiri mingi ili wawatibu kwa simu. Kwanza muuguzi wa kituo cha afya alimpima Kalisa, akamuuliza maswali tisa: usingizi, chakula, nguvu, hamu ya vitu na mengine. Walipoona amefika kiwango chao, wakampa simu na kioo kidogo cha kuichajia juani. Sumayah akamweleza bila kuficha.

"Mzee wangu, huyu atakayeongea na wewe si mtu. Ni kompyuta iliyofundishwa namna ya kuzungumza na mgonjwa. Itakuamsha kila siku saa moja. Itakuuliza, nawe utajibu kwa mdomo wako. Mimi niko Mbarara nasoma inavyokwenda. Ikionekana unazidiwa, nakupigia mimi mwenyewe."

"Kama si mtu," Kalisa akauliza, "nitaisalimia namna gani?"

Sumayah alifikiri. "Isalimie tu."

Sauti ya ile simu ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, na ilipenda kuuliza, basi Wakongomani wa kambi wakaibatiza Tantine, yaani shangazi. Na hapo, kabla dawa yoyote haijaanza kazi, jambo moja lilitokea ambalo sidhani wenye kampuni walilipanga. Kalisa alikaa. Kwao mwanamume haongei na shangazi wa watu akiwa amelala chali. Saa moja simu ilipolia, alijizoazoa, akavaa shati, akakaa kwenye kigoda, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Habari za asubuhi, Kalisa. Umeamkaje leo?"

"Nzuri, mama. Na kwenu?"

"Asante kwa kuniuliza! Leo, kwa kipimo cha moja hadi kumi, moyo wako uko wapi?"

Kalisa akamtazama mke wake. "Ananiuliza moyo uko wapi."

"Mwambie uko Itombwe," Mukeshimana akasema, akapuliza moto.

Nilipopita wiki ya pili nilimkuta amekaa nje, amenuna, lakini amekaa.

"Huyu mama anasifu kupita kiasi," akanilalamikia. "Nimenawa uso, anasema vizuri sana Kalisa. Nimekunywa uji, hongera Kalisa. Miye mutu muzima, muzee. Nilivuka mito usiku nikibeba ndama mabegani, hakuna aliyenipa hongera. Leo napongezwa kwa uji."

"Mzime basi."

"Nitamzima namna gani? Hajanikosea."

Tantine hakuchoka. Hiyo ndiyo tofauti yake na sisi. Mke alikuwa amechoka, wazee wa kanisa walikuwa wamechoka, mimi nina miguu mibovu na hadithi zilezile. Yeye kila asubuhi alikuja mpya, na Kiswahili chake cha redio, hana kinyongo na majibu ya jana. Asubuhi moja akamuuliza zamani alikuwa anapenda kufanya nini. Kalisa akasema: ng'ombe. Tantine akamuuliza kama karibu na kwake kuna mahali anaweza kwenda kuwaona ng'ombe, hata kwa robo saa, asifanye kitu chochote, awaangalie tu, kisha arudi amweleze.

Si karibu, lakini mahali papo. Ukitoka kambini upande wa Isingiro, saa moja na nusu kwa mguu, kuna shamba la ng'ombe lililozungushiwa seng'enge. Ni la mfanyabiashara wa Mbarara anaitwa Umaru, Mnyankole, Mwislamu, mwenye duka la mabati mtaa wa Nyamityobora. Ng'ombe wake ni wale wa kwao wa pembe ndefu, na anayewachunga ni mtu mmoja anaitwa Hudu. Kalisa alichukua fimbo akaenda. Akasimama nje ya seng'enge, fimbo imelala juu ya mabega, mikono imening'inia juu yake kama wanavyosimama wachungaji wenyewe. Robo saa ya Tantine ikawa mchana mzima.

Usiku ule, Mukeshimana aliniambia, alikula mpaka akakwangua sufuria.

Akawa mtu wa kwenda kila siku. Simpambi, hakuwa amepona. Alirudi amechoka, uso ni uleule, na kuna asubuhi alihitaji kuamshwa na Tantine na mke wake pamoja. Lakini alikuwa na mahali pa kwenda. Mtu mwenye mahali pa kwenda anatafuta viatu, akitafuta viatu ameshaamka. Nyumba nzima ilikuwa imeshikwa na uzi huo mmoja, na Mukeshimana alijua. Aliniambia, "Muzee, sasa hivi ninaogopa kitu kimoja tu. Ninaogopa yule mwenye ng'ombe siku moja ataamka vibaya."

Hudu hakuwa anapenda. Kila akifika ng'ambo ya seng'enge alikuwa anampa neno.

"Wewe mzee, iko natafuta nini hapa kila siku?"

"Ninaangalia."

"Kwani hii ni sinema?"

"Ng'ombe wazuri, ndugu."

"Mimi najua ni wazuri. Enda!"

Kalisa alikuwa anasogea hatua kumi, anasimama tena. Hudu alizoea, kama mtu anavyozoea nzi.

Balaa lilikuja siku ya upepo. Kalisa alikuwa amesimama pale pale, mara akasikia ng'ombe mmoja analia mbali, kule chini, mlio wa kuita ndama. Hakuna kingine. Mlio huo tu ukamrudisha kwenye mianzi. Kifua kikafunga, dunia ikawa nyembamba kama tundu la sindano. Mkono ukaitafuta simu wenyewe, maana alikuwa amefundishwa: ukishikwa hivyo, bonyeza hapa. Akabonyeza.

Tantine akaitika papo hapo. Akamwambia apumue. Kisha akamwambia, nitajie kwa sauti vitu vitano unavyoviona mbele yako.

Ni dawa inayojulikana kwa watu wa kazi hiyo. Mtu aliyechukuliwa na mawazo anarudishwa na macho yake: naona kikombe, naona dirisha, naona kiti. Lakini Kalisa mbele yake hakukuwa na kikombe wala kiti. Kulikuwa na ng'ombe wa mtu. Naye, mtu wa ng'ombe toka babu na babu, ambaye akiwa mtoto alichapwa fimbo kwa kunyooshea kidole kundi la jirani, akafumbua mdomo akasema: moja. Akasema: mbili. Akafika tano.

Hudu alikuwa nyuma ya kichaka anakojoa. Alisikia zile namba, maneno mengine upepo uliyachukua. Sasa jiweke mahali pake: mkimbizi anayekuja kila siku kusimama kwenye seng'enge, leo anahesabu ng'ombe wa bosi kwa sauti, tena ndani ya simu! Kama si mwizi anayewapa wenzake habari, ni mtu mwenye jicho baya. Akatoka na rungu, suruali haijafungwa sawasawa. Kalisa hakukimbia. Alikuwa bado anapumua kwa shida, na Hudu akamsukuma mpaka njiani, kisha akampelekea bosi habari.

Siku nne baadaye, mtamba mmoja wa Umaru akatupa mimba.

Umaru akapeleka neno kambini kwa mwenyekiti wa kijiji chetu. Alisema yule mzee akionekana tena kwenye seng'enge yake, polisi wa Isingiro watamchukua, na kama polisi wana kazi nyingi, yeye ana vijana.

Mukeshimana aliniona mbali njiani, akanijia mbio, hakubeba panga wala jembe.

"Amerudi mkekani," akasema.

Niliingia. Kalisa alikuwa amegeukia udongo wa ukuta. Saa moja simu ililia mbele yangu na hakukaa. Tantine akasema habari za asubuhi Kalisa, akangoja, akasema anaelewa kwamba asubuhi nyingine ni ngumu, akaaga.

"Kalisa," nikamwita. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Niliua ndama wa mutu," akajibu.

"Hukugusa kitu."

"Nilihesabu, muzee. Wewe ni Mfuliru, mutu wa jembe, unajua mihogo. Hujui kitu gani nilifanya. Wale wenye bunduki walichukua ng'ombe kwa mikono. Miye nimeua kwa mdomo. Ni nani mubaya?"

Hapo nikajua kazi imekuwa kubwa kuliko seng'enge. Kuogopa polisi kungemweka nyumbani siku chache. Hili lingemweka ukutani mpaka mwisho. Tukakaa na Mukeshimana, tukaona kuna njia moja tu: Kalisa aende mwenyewe kwa Umaru, akiri, asikie neno lolote atakaloambiwa. Na kabla ya hapo tupite kwa wale wa kampuni, wamwambie mwenye ng'ombe kwamba ni dawa yao iliyomwagiza kuhesabu. Kumtoa kwenye mkeka kulichukua siku mbili. Mke wake alimvika shati kama bwana harusi asiyetaka.

Ofisi yao ilikuwa Mbarara, mtaa wa Kakoba, juu ya duka la magodoro. Nilitegemea mashine kubwa. Kulikuwa na meza tatu, kompyuta tatu, na Sumayah peke yake anakula chapati baridi. Alisimama alipomwona Kalisa, akavuta kiti.

"Mzee wangu. Wiki nzima nimeona hujibu. Nimekupigia mara mbili."

"Nilisikia," Kalisa akasema. "Nilikuwa na aibu."

Nilimweleza mimi. Alisikiliza, mkono umeshika shavu. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta siku ile, akasoma, akafunga macho.

"Ni nini?" nikauliza.

"Imeandika zoezi limefaulu." Akarudia, kama aliyesikia mzaha usiochekesha. "Ametaja vitano, mfumo umempa alama zote."

"Basi twende kwa Umaru ukamwambie."

"Siwezi, mzee. Mkubwa wangu hataki tuingie kwenye kesi za watu. Nina wagonjwa mia mbili na kumi kwenye hii skrini, na niko peke yangu. Wenzangu wawili wameondoka mwezi uliopita." Alitazama chapati yake. "Mimi nimezaliwa Mbarara hapa hapa. Babu yangu alikuwa na ng'ombe. Kama mtu angeniuliza kabla, ningesema, msiwaambie hawa watu wahesabu. Hakuna aliyeniuliza. Maneno yaliletwa yakiwa tayari, mimi nikaambiwa nikague Kiswahili."

Akaisukuma kando, kisha akasema, "Lakini sauti ni yake. Rekodi ni mali ya mgonjwa, ana haki ya kuichukua. Naiweka kwenye simu yako, mzee Kalisa. Ukitaka kumsikilizisha mtu, ni juu yako."

Umaru tulimkuta dukani Nyamityobora, ametoka kuswali adhuhuri, kofia kichwani, anapanga misumari kwa saizi. Mtu mnene, mpole kwa kutazama. Tulipojitambulisha, upole ukatoka.

"Ndiyo wewe?"

"Ndiyo miye," Kalisa akasema. Hakukaa. "Nimekuja kusema mbele yako. Nilihesabu ng'ombe wako. Sikuwa ninaiba. Lakini nilihesabu."

Umaru akaacha misumari. Nadhani alikuwa amejitayarisha kwa mtu atakayekana.

"Kwa nini mtu mzima kama wewe afanye hivyo?"

Kalisa akaingiza mkono mfukoni. Akaitoa simu, akaiweka juu ya bati, akabonyeza. Duka zima likasikia. Kwanza upepo. Halafu pumzi, pumzi mbaya sana ya mtu anayezama. Mteja mmoja aliyekuwa anapima kufuli akageuka. Kisha Tantine na sauti yake safi, Kalisa, niko hapa, nitajie vitu vitano unavyoviona. Na Kalisa, kwa sauti ya kukatika:

"Moja... ng'ombe mwekundu, pembe yake ya kushoto imeshuka. Mbili, mweupe, mwenye doa kwenye shingo, anacheua. Tatu, ndama wake. Ine... mutamba mweusi, amesimama peke yake. Masikio yamelala. Hacheui. Mbavu zinaenda mbio, huyu ni mgonjwa, huyu ana homa. Tano, dume, amelala."

"Vizuri sana, Kalisa! Sasa nitajie vitu vinne unavyoweza kuvigusa."

"Siwezi gusa kitu," ilisema ile sauti. "Seng'enge iko katikati."

Umaru alinyoosha kidole. "Rudisha. Pale kwa mtamba."

Kalisa akarudisha. Umaru akasikiliza ameinama, kisha akachukua simu yake mwenyewe, akampigia Hudu, akaiweka sauti wazi.

"Hudu! Yule mtamba mweusi. Kabla hajatupa mimba, alikuwa anacheua?"

"Bosi, mimi..."

"Alikuwa anacheua?"

"Alikuwa kama nachoka kidogo, bosi. Mimi nilisema ni jua."

"Lini?"

"Kabla. Kabla ya ile mzee kuhesabu. Siku mbili hivi."

"Na ulipulizia dawa ya kupe lini?"

Upande wa pili upepo ukavuma muda mrefu. Umaru akakata simu. Akamgeukia Kalisa, na sasa hasira ilikuwa ya aina nyingine.

"Mtu wangu nampa mshahara, analala karibu na huyo mtamba, haoni. Wewe uko nje, kifua kimekubana, unalia, unaona homa kutoka kwenye seng'enge. Kwa nini hukusema?"

"Ng'ombe wa mutu mwingine," Kalisa akasema, "siwezi kutaja ubaya wake kama sijaitwa. Wewe unajua."

"Najua," Umaru akasema, taratibu.

"Na hata kama alikuwa mgonjwa mbele, bado nilihesabu. Sitaki kusema sikuhesabu."

Umaru alicheka kwa pua. "Hata sisi hatuhesabu. Shehe wetu anasema ni ushirikina mtupu. Mimi namwambia, ndiyo shehe, umesema kweli. Na bado sihesabu." Alifuta bati kwa kiganja ingawa halikuwa na vumbi. "Sikiliza, mzee. Kisirani kama kipo, kilikuwa kimeingia kabla yako, na jina lake ni kupe. Rudi. Lakini usisimame nje kama mwizi. Pita kwenye geti, ingia, angalia unachoangalia, ukiona sikio limelala uniambie. Mshahara sikuahidi. Na hiyo simu, usije nayo. Kitu kinachofundisha watu kuhesabu, mimi sikitaki kwa ng'ombe wangu."

Kalisa alikitazama kile kisimu juu ya bati. Nilimwona anataka kusema jambo, na linampa taabu.

"Nikishikwa tena? Kama siku ile?"

Umaru alifikiri kweli, hakujibu kwa haraka. "Ukae chini mpaka ipite. Ng'ombe hawamfukuzi mtu anayelia."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Miezi imepita sasa. Kalisa anakwenda, si kila siku. Kuna wiki anakwenda mara tano na kuna wiki mke wake anamvuta mguu asubuhi na mguu hautoki. Alishikwa tena mara mbili huko ndani ya shamba. Alikaa chini, ikapita. Hudu alisimama karibu naye bila kujua la kufanya, akamkinga jua kwa kivuli chake mwenyewe. Hawajawa marafiki. Hudu bado anamwita "daktari" kwa kejeli, na Kalisa bado anamwonyesha kupe aliowaacha.

Nilipokuwa Mbarara kwa wenye bucha nilipita kwa Sumayah nimpe habari. Akafungua kompyuta akanionyesha jina la Kalisa limegeuka rangi. Mgonjwa asipojibu siku saba, mfumo unaandika ameacha matibabu.

"Kwa hesabu yao amepotea," akasema.

"Si ungeandika kwamba hajapotea? Andika anakwenda kwa ng'ombe."

"Hakuna nafasi ya kuandika hivyo, mzee." Akanionyesha daftari lake la karatasi, alimoandika kwa mkono kwamba wafugaji wasiambiwe kuhesabu, waambiwe wataje rangi au sauti. Amelipeleka kwa wakubwa. Kama mashine imesoma au haijasoma, hajui, na mimi nitajuaje.

Simu ilibaki nyumbani, juu ya kile kigoda, Kalisa hajaishika tena tangu Umaru aikatae. Hakuna aliyekuja kuichukua. Tantine hajui habari za Nyamityobora, basi kila saa moja asubuhi analia vilevile.

Juzi nilikuwa uani kwao tangu mapema, nanoa, Kalisa ameshaondoka na fimbo. Simu ikalia. Mukeshimana alikuwa anachambua maharage. Aliiacha ikalia, akafuta mikono, akaichukua.

"Habari za asubuhi, Kalisa. Umeamkaje leo?"

"Si Kalisa," akasema. "Kalisa amekwenda. Ni bibi yake."

"Asante kwa kunijulisha. Nafurahi kuongea nawe. Je, ungependa nikuulize wewe unavyojisikia?"

Mukeshimana alikaa. Alinitazama mimi, akatazama mlango mtupu, akatazama maharage. Miaka minne nimepita uani pale. Nimemuuliza baba anakula, baba analala, baba anaongea.

"Niulize," akasema.

Tantine akaanza na usingizi. Mukeshimana akajibu kwa sauti ndogo, akiwa ameishika simu kwa mikono miwili, na jibu lilikuwa refu. Likaja swali la pili, la tatu. Alipofika la nne nilifunga mzigo wangu na kusukuma baiskeli mpaka barabarani, kwa maana maneno yale hayakuwa yangu kuyasikia.